Mbegu ya msindano: uliza ilichumwa kwenye mti gani

Kila mvua zinapokaribia Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wakulima wa miti hutuletea sisi tunaoshughulikia mbegu za miti malalamiko yale yale. Shamba lilipaliliwa na miche ilishika vizuri, lakini miaka michache baadaye miti imepinda, ina matawi manene, mingine imegawanyika panda mbili. Wengi hulaumu udongo. Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta tatizo lilianzia kwenye mbegu.

Msindano (paina) unaopandwa zaidi Mufindi na Njombe ni patula, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia. Asili yake ni milima ya Mexico. Mti mmoja hubeba koni dume, zinazotoa chavua, na koni jike, zinazokuza mbegu, na chavua hubebwa na upepo. Tangu koni jike ipate chavua hadi mbegu ikomae hupita kama miaka miwili, wakati mwingine zaidi. Koni ya kijani iliyochumwa kwa pupa haitatoa mbegu nzuri hata ukiianika mwezi mzima.

Unyoofu wa shina na unene wa matawi kwa sehemu kubwa hurithiwa. Sasa tazama anayechuma koni. Anakwea mti mfupi wenye matawi ya chini, kwa sababu unapandika na koni zinafikika. Ule mrefu, mnyoofu, ambao mwenye mashine ya mbao angeugombania, hauguswi. Mwingine anachuma kwenye mti uliosimama peke yake kando ya nyumba. Mti huo hujichavusha wenyewe, na matokeo yake ni mbegu nyingi tupu na miche dhaifu. Bado tunaambiwa "mbegu ni mbegu tu". Si kweli, na anayelipia maneno hayo ni mkulima, siku mnunuzi anapozikataa mbao zilizojaa mafundo.

Jambo hili si geni. Katika karne ya 19 Mfaransa Philippe-André de Vilmorin alipanda pamoja, huko Les Barres, Ufaransa, misindano ya spishi iitwayo "Scots pine" iliyotokana na mbegu za sehemu mbalimbali za Ulaya. Udongo ulikuwa mmoja na spishi ilikuwa moja, lakini miti ya mbegu kutoka Riga ilinyooka kuliko mingine.

Kwa hiyo unaponunua mbegu, soma lebo. Iwe na jina la spishi, namba ya fungu la mbegu (yaani mbegu zilizokusanywa pamoja), mahali zilipokusanywa, tarehe ya kukusanywa na asilimia ya uotaji. Namba ya fungu iandikwe pia kwenye risiti, na risiti itunzwe hadi miti ivunwe. Bila namba hiyo hatuwezi kufuatilia lalamiko lako, hata ukija na picha. Anayenunua miche amwombe mwenye kitalu taarifa hizo hizo. Akisita kuzitoa, nenda kitalu kingine.

Mbegu kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha kuingiza kabla hazijasafirishwa, wala hakiombwi zikiwa zimeshafika mpakani. Zinahitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, kisha zikaguliwe zinapoingia. Shehena isiyo na nyaraka hurudishwa au kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, naye anaweza kushtakiwa. Gramu chache kwenye begi la safari nazo zimo. Wapo wanaoona huu ni usumbufu. Ukaguzi huo ni wa kuzuia magonjwa. Wakumbuke msindano wa radiata, uliopandwa kwa wingi Afrika Mashariki hadi kuvu wa Dothistroma alipokausha sindano zake katika miaka ya 1960, upandaji wake ukasimamishwa. Patula ilichukua nafasi yake kwa sababu inastahimili ugonjwa huo.

Mwenye shamba zuri anayetaka litambuliwe kuwa chanzo cha mbegu aombe ukaguzi mapema, kabla hajachuma koni hata moja. Miti iliyopinda na yenye panda huondolewa kwanza, kwa kuwa chavua yake inaifikia hata ile mizuri. Koni zilizopo wakati huo zilishachavushwa na miti hiyo mibaya, hivyo hazihesabiki. Zitakazokubaliwa ni zilizopata chavua baada ya usafishaji. Ni kusubiri miaka miwili hivi, na hakuna barua ya kuomba haraka inayoweza kuipunguza.