Si kila kazi inasubiri cheti cha chuo

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu ya wanachuo wanapokaribia kumaliza: “Usijisumbue kuomba kazi kabla ya mahafali, bila cheti hawakupokei.” Si kweli kwa kazi zote. Watu huchanganywa na matangazo ya ajira serikalini Tanzania, ambayo kwa kawaida hukataa matokeo ya muda (yale ya kushikilia kabla cheti hakijatoka). Hapo cheti kinatakiwa kweli. Lakini nafasi nyingi za mafunzo kazini, na baadhi ya kampuni binafsi, hupokea barua ya chuo na matokeo ya mihula iliyopita. Soma tangazo lenyewe, hasa sehemu ya viambatisho, au muulize mshauri wa ajira chuoni (wengi humkumbuka wakishahama hosteli). Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.