Biblia Haikudondoka Kutoka Mbinguni: Dhana Potofu Kuhusu Uvuvio wa Maandiko

Mkristo akisema Biblia ni Neno la Mungu, wengi hudhani amedai jambo ambalo hakulidai. Wapo hata Wakristo wanaokesha wakitetea dai ambalo kanisa lao halifundishi.

Dhana: Mungu aliwatamkia waandishi neno kwa neno, wao wakaandika tu.

Ukweli: Waislamu wanaamini Kurani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad kwa maneno yake yenyewe, kupitia Jibrili. Kwa kuwa huku kwetu tunaishi nyumba kwa nyumba, ni rahisi kudhani Wakristo nao wanaisema Biblia hivyo hivyo. Ni kweli manabii wana sehemu zao za "Bwana asema hivi". Lakini msome Luka: anafungua Injili yake kwa kueleza kwamba wengine wameshaandika kabla yake, na kwamba yeye ameyachunguza mambo yote tangu mwanzo. Msome Paulo katika 1 Wakorintho 1. Anasema hakubatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo, mara anakumbuka watu wa nyumba ya Stefana, kisha anasema hajui kama yupo mwingine. Katika 2 Timotheo anaagiza aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake. Inanigusa sana kwamba waraka huohuo wa joho ndio unaosema kila andiko lina pumzi ya Mungu. Wakristo wengi wanaposema uvuvio wanamaanisha hilo: Roho Mtakatifu aliwaongoza watu wenye akili zao, kumbukumbu zao na lafudhi zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitamka mwaka 1965 kwamba watu hao walikuwa waandishi wa kweli.

Dhana: Kaisari Konstantino wa Roma na maaskofu walivipigia kura vitabu vya Biblia katika mtaguso wa Nikea.

Ukweli: Mtaguso wa mwaka 325 ulishughulikia mafundisho ya Ario, padre aliyesema kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Kanuni zake 20 hazina orodha ya vitabu vya Biblia. Irenayo, askofu wa Lyon, alizitetea Injili nne, na nne tu, karibu mwaka 180. Vitabu vingine, kama Waebrania na Ufunuo, vilibishaniwa kwa muda mrefu, na orodha ya vitabu 27 tulivyo navyo katika Agano Jipya inaonekana katika barua ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367.

Dhana: Biblia imenakiliwa mara nyingi mno, hatujui ilisema nini.

Ukweli: Mwaka 1947 magombo ya kwanza, yaani maandishi ya kale yaliyoviringishwa, yalipatikana mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo kubwa la Isaya, la ngozi, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lina umri wa miaka elfu moja hivi zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana kabla yake. Tofauti zipo, nyingi za tahajia. Nyingine zinagusa neno: katika Isaya 53:11 gombo hilo lina neno "nuru" lisilokuwamo katika nakala za baadaye. Mkristo hana haja ya kuyaficha haya. Wala asiyatie chumvi: maandishi kuhifadhiwa vizuri hakuthibitishi kwamba yalitoka kwa Mungu.

Dhana: Wakristo wanaamini kwa sababu tu Biblia imejisifu yenyewe.

Ukweli: Hoja yenye uzito zaidi huanzia kwa Yesu. Miaka kama 25 tu baada ya msalaba, Paulo aliwaandikia Wakorintho majina ya waliomwona akiwa hai: Kefa (yaani Petro), Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao, anasema, wangali hai. Anayeusadiki ushuhuda huo, hata kabla hajauita waraka ule mtakatifu, humwachia Yesu neno la mwisho. Naye Yesu aliyapokea Maandiko ya Kiyahudi kama sauti ya Mungu, akawatuma mitume kunena kwa jina lake. Wakatoliki na Waorthodoksi huongeza ushuhuda wa Kanisa. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alisisitiza ushuhuda wa Roho moyoni mwa msomaji. Anayetaka kuipinga imani hii ana haki ya kuuhoji ufufuo wenyewe, na hapo ndipo Paulo mwenyewe alipouweka mjadala: kama Kristo hakufufuka, aliandika, imani yenu ni bure.