Mchumba Asiye na Doa: Ubaguzi wa Rangi Ndani ya Filamu za Mapenzi

Kuna mhusika ambaye ukishamjua utamwona kila mara filamu inapohusu mapenzi ya watu wa rangi tofauti. Mimi humwita mchumba asiye na doa. Ni mtu mweusi, mara nyingi mwanamume, aliyependana na mzungu, naye amepambwa kwa kila sifa: kasoma, ana kazi ya maana, ana adabu hata kwa wanaomdharau. Wanaompamba hivyo wana hesabu yao. Wazee wakikataa posa ya mtu wa namna hiyo, hawana kisingizio cha umaskini wala tabia. Kilichobaki ni rangi tu.

Babu yao wote ni Dk. John Prentice, aliyechezwa na Sidney Poitier katika Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967. Anafika ukweni San Francisco, na baba wa binti, kabla ya jambo lolote, anapiga simu ofisini kwake ili mgeni achunguzwe. Majibu yanayorudi ni orodha ndefu ya vyuo na vyeo, hadi Shirika la Afya Duniani. Binti naye anamweleza mama yake kwamba daktari huyu ndiye aliyekataa walale pamoja kabla ya ndoa. Hata busu lao tunaliona kwa kuibia, ndani ya kioo cha dereva wa teksi.

Woga huo haukutoka hewani. Tangu miaka ya 1930 studio za Hollywood zilijifunga kwa kanuni iliyokataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe, na katazo hilo liliondolewa 1956. Nje ya sinema, ndoa kama hizo zilikuwa bado kosa katika majimbo 16 ya Marekani hadi Mahakama Kuu ilipofuta sheria hizo tarehe 12 Juni 1967, filamu ikiwa imeshapigwa lakini bado haijaonyeshwa.

Sasa tazama mzani umeshikwa na nani. Prentice anawaambia wakwe, binti akiwa hana habari: mkikataa, ndoa haipo. Kuanzia hapo sote tunangoja mzee mzungu atoe hotuba. Ubaguzi umegeuka tatizo la sebuleni, la mzee mwenye roho nzuri anayehitaji jioni moja ya kutafakari. Mwenye nyumba anayekataa kuwapangisha hayumo. Sherifu hayumo pia, ilhali Richard na Mildred Loving, ambao kesi yao ndiyo iliyofuta zile sheria, walikamatwa usiku wa manane chumbani kwao Virginia mwaka 1958. Na je, kama Prentice angekuwa fundi bomba?

Mississippi Masala ya Mira Nair, iliyotoka 1991, inakaribia kujibu. Demetrius, aliyechezwa na Denzel Washington, anasafisha mazulia. Mina ni binti wa Kihindi ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ikaishia kwenye moteli ya ndugu zao huko Greenwood, Mississippi. Mina anajiita masala, neno ambalo jikoni kwetu halihitaji mkalimani. Wawili hao wanapofumaniwa hotelini Biloxi, kinachofuata ni simu. Habari inaruka kutoka moteli hadi moteli, wateja Wahindi wanamfutia Demetrius kazi, na benki inaanza kumbana kuhusu mkopo wa gari lake. Hapo ndipo ubaguzi unapoonekana ulivyo: mtandao wa watu wanaojuana, wanaoweza kukukatia riziki bila kupandisha sauti.

Kizuri zaidi, hakuna aliye msafi. Jay, baba wa Mina, ni mwanasheria aliyezaliwa Uganda, na jeraha lake ni kauli ya rafiki yake Okelo kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi. Mtu huyohuyo aliyeonja kukataliwa kwa rangi yake ndiye anayemkataa Demetrius, na Demetrius anagusa shavu lake mwenyewe kumwonyesha kwamba weusi wao haupishani sana. Jay hajibu.

Mwishoni anarudi Kampala kumtafuta Okelo, anaambiwa ameshakufa zamani. Barabarani, kwenye umati unaocheza ngoma, mtoto mweusi anamgusa uso, naye anampokea na kumbeba.