Kumbukumbu za kikao cha paka: kujifunza tanzu za uandishi kupitia utani wa mtandaoni

Soma kwanza haya, maana nitayarudia mara kadhaa.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA PAKA WA NYUMBA HII

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mjumbe mmoja.
Aliyetoa udhuru: Mjumbe wa pili (amefungiwa nje).

1. Kufungua kikao. Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:40 usiku kwa kuangusha glasi.
2. Yatokanayo. Wajumbe walikumbushwa kuwa mlango wa chumba cha kulala umeendelea kufungwa licha ya maazimio ya kikao kilichopita. Katibu aliarifu kuwa aliukwaruza kwa saa mbili bila mafanikio.
3. Hali ya chakula. Mjumbe alidai hajalishwa tangu azaliwe. Bakuli lilikaguliwa na kukutwa na chakula nusu. Ilikubaliwa kuwa nusu ni sawa na tupu. Azimio: kelele ziendelee.
4. Mengineyo. Hayakuwepo. Mwenyekiti alikuwa amelala.
5. Kufunga kikao. Kikao kiliahirishwa saa 9:52 usiku baada ya wajumbe wote kutoka mbio bila sababu iliyotajwa.

Kama umetabasamu, ni kwa sababu unazijua kumbukumbu za mkutano. Mtu ambaye hajawahi kuziona ataona habari za paka wenye njaa tu, na atakuuliza kichekesho kiko wapi. Sehemu kubwa ya utani wa maandishi unaozunguka mtandaoni ni wa namna hii: mtu anachukua umbo linalofahamika, liwe mapishi, taarifa ya habari, maelekezo ya kifaa au barua ya kuomba kazi, halafu analijaza kitu kisichokuwa chake. Mada haikai sawa na umbo, kwa hiyo umbo linajitokeza mifupa nje. Mwanafunzi anayehangaika kutofautisha ripoti na insha hapati mahali pazuri zaidi pa kuiona mifupa hiyo.

Mwaka 1984 mtaalamu wa balagha (sanaa ya kushawishi kwa maneno) wa Marekani, Carolyn Miller, alitoa hoja kwamba utanzu, yaani aina ya andiko yenye umbo lake, ni tendo la kijamii. Kwa maneno mepesi: hali fulani hujirudia, watu huijibu kwa namna ileile, na namna hiyo ikishazoeleka inakuwa umbo. Kumbukumbu zipo kwa sababu mkutano ukiisha watu husahau walichokubaliana, au hukana. Ndiyo maana kuna orodha ya waliohudhuria, ili asitokee wa kusema sikuwepo. "Yatokanayo" ipo ili ahadi za kikao kilichopita zisipotee. Mwanafunzi akiambiwa tu akariri vichwa vitano, atavikariri na kuvichanganya siku ya mtihani. Akijua kila kichwa kinazuia ugomvi gani, havimpotei.

Turudi kwa paka, safari hii kwenye lugha. Karibu vitenzi vyote vinavyosimulia viko katika -li-. Kauli ya kutendwa imetawala: walikumbushwa, lilikaguliwa, ilikubaliwa. Hakuna usemi halisi wala alama za mtajo. Watu wanatajwa kwa vyeo. Sasa jaribu kubadilisha sentensi moja tu: "Paka mmoja akasema, 'Jamani, mimi sijala tangu nizaliwe!'" Kicheko kimepungua nusu, ingawa habari ni ileile. Kilichoharibu ni -ka- ya "akasema", ambayo ni ya hadithi, pamoja na ule usemi halisi. Kumbukumbu hazisimulii, zinathibitisha. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomkosesha alama mwanafunzi anayeandika kumbukumbu za kweli kama hadithi: "Mwenyekiti akainuka, akatusalimu, tukakaa." Huko sarufi haina kosa. Utanzu ndio uliokosewa.

Kuna jingine la kuchungulia pale kwenye "Azimio: kelele ziendelee". Azimio lililokamilika hueleza nini kifanyike, nani atafanya, na kabla ya lini. La paka lina ile "nini" peke yake. Kwenye utani linapita, lakini kwenye kumbukumbu za kweli hilo ndilo pengo ninaloliona kuliko jingine lolote: "Ilikubaliwa kuwa suala lifuatiliwe." Na nani?

Kiswahili kina nyenzo zake za kuchekesha ambazo hazitoki katika meme (picha na maneno ya utani yanayosambazwa mtandaoni) za lugha nyingine, na nadhani hatuzitumii vya kutosha darasani. Ya kwanza ni ngeli. Sema "simu imekufa", ni taarifa ya kawaida. Sema "simu amekufa, ameacha chaja mmoja na kava wawili", hapohapo umeingia katika tanzia, na kiambishi a- kimefanya nusu ya kazi kabla hata ya chaja kutajwa. Upande wa pili, mtu akishushwa hadi KI-VI, "kijamaa kile kinajisikia", anadunishwa bila tusi lolote kutamkwa. Anayecheza hivi makusudi lazima ajue upatanisho vizuri, kwa sababu ukikosea mara moja katikati ("simu amekufa, imeacha...") msomaji hajui tena kama ni utani au ni makosa. Mchezo wa ngeli hautaki kuyumba.

Ya pili ni methali zilizopindwa. "Mtaka cha uvunguni sharti awashe tochi ya simu." Angalia kilichoachwa: nusu ya kwanza haikuguswa hata neno, na "sharti" pamoja na kitenzi cha kuishia na -e vimebaki mahali pake. Ukiandika "Anayetafuta vitu chini ya kitanda inabidi atumie tochi," maana ni ileile na hakuna atakayecheka, kwa kuwa methali haitambuliki. Kanuni ya kazi hapa ni kubakiza nusu ya kwanza yote, kubakiza kiunzi cha nusu ya pili, na kubadili pale mwisho tu. Neno lenye mshangao likae mwisho kabisa wa sentensi. Ukiongeza maelezo baada yake, hata maneno matatu, umekimwagia maji kichekesho.

Picha za meme nitazipitia haraka. Neno lenyewe lilibuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976 kueleza wazo linalonakiliwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kabla intaneti haijalichukua. Meme za zamani ziliandikwa kwa fonti ya Impact, iliyotolewa mwaka 1965, herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, na sababu ni ya kiufundi: rangi hizo husomeka juu ya picha yoyote, ya giza au ya mwanga. Maandishi ya juu huandaa, ya chini huangusha. Ni utanzu wenye hatua mbili tu, na kwa mwanafunzi faida yake kubwa ni kumfundisha kukata maneno. Zaidi ya hapo sioni kama unafundisha mengi.

Tathmini za bidhaa za kimzaha zinafundisha zaidi. Mwaka 2009 fulana moja yenye picha ya mbwa mwitu watatu na mwezi ilipata umaarufu katika duka la mtandaoni la Amazon kwa sababu ya tathmini ya mteja aliyeisifu kana kwamba hatanii, akaorodhesha faida na kasoro, na miongoni mwa kasoro akataja kwamba mbwa mwitu ni watatu tu. Watu wengi wakafuata na tathmini zao. Kilichobeba utani ule ni sehemu ya kasoro, ambayo wanaojifunza kuandika tathmini huiruka au huijaza maneno kama "lakini si mbaya". Kasoro inayoaminika ni ile inayopimika: idadi, ukubwa, muda. "Ni watatu tu" inapimika.

Sasa zoezi lenyewe. Kusanya matini 5 za kweli za utanzu unaotaka kujifunza. Moja haitoshi, kwa sababu itakupa mazoea ya mwandishi mmoja ukidhani ni kanuni. Zisome zote tano na uweke alama kwa kila kipengele kinachojirudia. Kilichomo katika 4 au 5 ni cha utanzu, kilichomo katika 1 au 2 ni cha mwandishi, na cha 3 kiandike pembeni ukijadili na mwenzako. Kwa kila kipengele cha utanzu andika sentensi moja: kinamsaidia msomaji kufanya nini? Kisha lugha: njeo (wakati wa kitenzi), nafsi, kauli, urefu wa sentensi, namna ya kufungua na kufunga. Mwisho orodhesha kinachosahauliwa na karibu kila mtu, yaani vile visivyosemwa kamwe. Mapishi hayaelezi ulikuwa na huzuni gani ulipokuwa ukikata kitunguu. Kumbukumbu hazisemi mwenyekiti alinuna. Wasifu wa kuombea kazi hauna haja ya "mimi" kila mstari.

Hapo ndipo uandike mwigo, yaani utani uliovaa umbo la utanzu huo, wa maneno 150 hadi 200. Chini ya 100 umbo halijapata nafasi ya kujengeka. Kupita 250 mzaha unachosha hata kama ni mzuri. Badilisha kitu kimoja tu: mada. Kila kingine kibaki kama ulivyokikuta. Ukimaliza, funika kichwa cha habari na umpe mtu asome. Akishindwa kuutaja utanzu kufikia sentensi ya tatu, kosa haliko kwake. Rudi kwenye orodha yako, kuna mfupa umeuacha. Na siku hiyohiyo, kabla mkono haujapoa, andika matini ya kweli yenye mada ya kweli kwa mifupa ileile. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha kwa sababu raha imeshaisha, na bila hiyo umejifunza kuchekesha tu.

Hitilafu hutokea mahali panapotabirika. Inayoongoza ni kubadili vitu viwili kwa pamoja: mada ya paka na pia lugha ya mtaani ndani ya kumbukumbu. Msomaji anapoteza pa kushikia. Inayofuata ni kuiga mwigo badala ya kitu chenyewe. Utani hukuza kinachoonekana kwa haraka, kwa hiyo aliyejifunza ripoti kutoka kwenye ripoti za kimzaha ataandika "imebainika kwamba" mara nne katika aya moja, akidhani huo ndio urasmi. Ndiyo maana matini 5 za mwanzo lazima ziwe za kweli. Wengine huharakia kutia chumvi: ikiwa glasi imeanguka, nyumba imeungua na paka wameunda serikali kufikia kipengele cha 1, kipengele cha 3 hakina pa kupanda.

Halafu kuna kejeli isiyotambulika. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama ya :-) itumike kwenye ubao wa ujumbe wa kompyuta kuonyesha kuwa kilichoandikwa ni mzaha, kwa sababu wasomaji walikuwa wakichukua utani kwa uzito. Tatizo halijaisha, lakini dawa hiyo haifai ndani ya mwigo. Emoji ya kucheka katikati ya kumbukumbu za paka inavunja uso mkavu ambao ndio unaochekesha. Ishara ya utani iwekwe nje ya matini: kwenye kichwa, au kwenye mada yenyewe iliyo wazi kiasi kwamba hakuna atakayedhani paka wana katibu. Mada ikiwa ya karibu na ukweli, kwa mfano tangazo la kuahirishwa kwa mtihani, usiliandike kabisa. Skrinishoti husafiri bila kichwa chake.

Mazoea ya meme nayo huvuja kuingia katika insha. Meme hutegemea vitu ambavyo msomaji tayari anavijua, kwa hiyo haielezi. Insha ya hoja haina ruhusa hiyo. Ukikuta katika rasimu yako sentensi isiyo na kitenzi, au dokezo lisiloeleweka kwa mtu aliyekuwa nje ya kundi lenu la WhatsApp, andika kinachodokezwa kwa urefu wake.

Kuhusu pa kuanzia, mimi huweka maelekezo na mapishi mwanzo, kwa kuwa vitenzi vyake ni vya kuamuru na mpangilio wake ni wa wakati: "Chukua kazi moja ya kuwasilishwa kesho. Iache mezani mpaka saa 4 usiku. Ongeza video fupi kwa kiasi unachopenda, koroga polepole." Baadaye tathmini, kumbukumbu, barua rasmi. Salamu za rambirambi na maelekezo ya dawa siziingizi kabisa katika zoezi hili.

Utangulizi wa utafiti uje mwisho. Mtaalamu wa isimu John Swales, katika kazi yake ya mwaka 1990, aliupanga katika hatua tatu: kuonyesha uwanja, kuonyesha pengo, kulijaza pengo. Mfano: "Soksi huvaliwa kwa jozi, na ufuaji wake ni shughuli ya kawaida katika kaya nyingi. Hata hivyo, haijaelezwa vya kutosha kwa nini hurudi moja. Ripoti hii inachunguza eneo la nyuma ya mashine ya kufulia." Ondoa sentensi ya pili usome upya. Zilizobaki ni taarifa mbili zilizokaa jirani bila kujuana, na mtu anapekua nyuma ya mashine bila sababu. Sasa fungua utangulizi wako wa kweli na utafute "hata hivyo" yako iko mstari wa ngapi.