Chukua hiyo sauti, usiniombe

Vijana wanaopita studio hapa Sakina, Arusha, wakishajua kwamba sauti ninazorekodi mitaani naziachia bure mtandaoni, swali lao huwa lile lile: "Broo, sasa wewe unakula wapi?" Nakula kwenye kuchanganya sauti za matangazo na filamu fupi. Sauti za mitaani hazijawahi kumlipia kodi ya nyumba mtu yeyote ninayemjua, ziwe zimefungwa au zimefunguliwa. Kwa hiyo ninachokiachia si mshahara. Ni haki ya kuombwa ruhusa.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ukishatengeneza kazi yako haki zinakuwa zako papo hapo, bila kujaza fomu. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi, basi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, nao unataka mtunzi alindwe maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa. Maana yake, usipoandika chochote chini ya faili lako, sheria inakusemea: hairuhusiwi. Prodyuza aliyeko Moshi saa saba usiku, biti imekolea, anatafuta mlio wa chuma, hatakuandikia barua pepe halafu akae kusubiri. Ataruka faili lako achukue la mwingine. Au ataiba, na akishaiba hatakuonyesha alichokitengeneza. Hilo la pili ndilo linaloniuma, kwa sababu hicho alichokitengeneza ndicho ninachokitaka.

Chukua mashine ya kusaga niliyoirekodi Ngarenaro. Mota ikiwashwa inaanza na mguno wa chini kabisa, mkanda unateleza kidogo kabla ya kushika, halafu mlio unapanda mpaka unatulia kwenye noti moja. Mahindi yakimwagwa, noti inashuka kidogo, kisha inarudi. Mimi niliisikia kama mandhari ya filamu. Jamaa mmoja akaivuta taratibu mpaka ikawa besi. Mwingine akakata pale tu mkanda unapoteleza, akapata sneya kavu, ule mlio wa ngoma unaokatika ghafla, ambayo hakuna programu inayokuja nayo. Mtengeneza gemu akaifanya mlango wa chombo cha anga. Ile besi baadaye niliiomba nikaitumia kwenye tangazo nililolipwa, na aliyeitengeneza nikampa kazi ya biti nzima. Hatujawahi kuonana.

Sauti hiyo iko Freesound, hazina ya sauti mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Unapopakia pale unachagua leseni ya Creative Commons, ruhusa zilizoandikwa tayari za kuwaachia wengine kazi yako, zile zilizotoka kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Unaweza kutaka jina lako litajwe tu, unaweza kukataza biashara, au unaweza kuweka CC0, iliyokuja mwaka 2009, ambayo ni kuachia kila kitu kwa kadiri sheria ya nchi inavyoruhusu. Waandishi wake walijua kwamba kuna nchi ambako huwezi kuachia haki zote, kama ile ya kutambuliwa kuwa mtunzi. Ndiyo maana wakaweka akiba: pale ambapo kuachia hakutambuliki, CC0 inageuka leseni ya bure isiyo na sharti.

Wengi wetu hapa tunakimbilia kukataza biashara, na mimi naona ni uchaguzi mbaya kwa mtu mdogo. Video ya harusi iliyolipiwa ni biashara? Kwaya inayouza flashi baada ya ibada? Chaneli ya YouTube yenye matangazo? Mtu makini akishindwa kujijibu, anaacha. Bendi ya Marekani Nine Inch Nails ilikataza biashara kwenye albamu yao Ghosts I–IV ya mwaka 2008, na sampo yake, yaani kipande kilichokatwa humo, ilipoibukia kwenye wimbo wa Lil Nas X, "Old Town Road", Trent Reznor na Atticus Ross wa bendi hiyo wakaandikwa miongoni mwa watunzi. Sawa, lakini wale wana wanasheria. Wewe una bando la wiki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mwafrika Kusini, Greg Zaal, mwanzilishi wa Poly Haven, tovuti ya vifaa vya kutengenezea picha za kompyuta. Picha za mwanga, maumbo ya 3D, nyuso za mawe na mbao, vyote viko chini ya CC0, na wanaovitumia wanachangia wenyewe kila mwezi ili vingine vitengenezwe. Hakuna anayelazimishwa hata kumtaja.

Ila ukishaachia hurudishi. Na usiachie kisicho chako. Konda wa kifodi anayeita "Ngaramtoni, Ngaramtoni" ana sauti yake, muombe kwanza. Nyimbo za jadi za Wamaasai ndiyo kabisa, sheria yetu ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi. Kuwa na kinasa sauti hakukupi mamlaka juu ya sauti za watu.

Usumbufu utakaokutana nao ni wa madai ya uongo. Mtu anachukua sauti yako ya CC0, anaiweka kwenye wimbo wake, msambazaji anausajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti zilizosajiliwa ndani ya video, na ghafla video za wengine waliotumia sauti ile ile zinadaiwa, pengine hata yako. Masharti ya YouTube yanataka anayesajili awe na haki za kipekee, na sauti iliyoachiwa kwa umma haina mwenye haki hizo. Pinga dai, weka kiungo na tarehe uliyopakia. Tunza pia faili ghafi kabla hujalikata. Kwenye langu la Ngarenaro, kabla mota haijawaka, kuna mama anauliza bei ya kilo ya sembe. Kipande hicho hakimo mtandaoni, na anayedai sauti ni yake hawezi kukileta.