Je, kurudi kwenye uwanja wa vita humtonesha askari wa zamani kidonda?

Wengi huamini kwamba kumpeleka askari wa zamani mahali alipopigana ni kumtonesha kidonda, na kwamba wema wa kweli ni kumsaidia asahau. Imani hiyo hutokana na huruma, lakini haielezi vizuri jinsi kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kinavyofanya kazi. Kukwepa kumbukumbu ni mojawapo ya dalili za maradhi ya kiwewe, ambayo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyatambua rasmi mwaka 1980, na ni huko kukwepa kunakoidumisha hofu. Akilini mwa mgonjwa mapigano hayajakoma. Anapoliona bonde lile lile likiwa na mashamba ya mpunga, au anapopeana mkono na mtu aliyekuwa adui yake, kama ilivyowatokea Wamarekani kadhaa waliorejea Vietnam, hupata ushahidi kwamba vita vimekwisha, ushahidi ambao maneno ya faraja hayawezi kuutoa.

Korea Kusini imekuwa ikiwaalika tangu mwaka 1975 wanajeshi wa kigeni walioitetea katika vita vya 1950 hadi 1953, na wengi wao, waliouacha mji wa Seoul ukiwa magofu, huona matunda ya kujitolea kwao.

Hata hivyo, safari si tiba peke yake. Asiyetaka kwenda asilazimishwe, na anayekwenda anahitaji maandalizi, wenzake wa kikosi ikiwezekana, uhuru wa kuahirisha hata akiwa ameshafika, na mshauri atakayemsikiliza katika wiki zinazofuata, kwani mara nyingi huzuni huibuka akisharudi nyumbani.