Ubingwa wa besiboli huanza kuhesabiwa Aprili, awamu kwa awamu

Ukitaka kujua timu ipi itakuwa na nguvu Oktoba, mwezi wa mchujo wa ubingwa, usianze na wapigaji. Angalia kwanza warushaji wa kuanza, yaani wale wanaofungua mechi: kwa wastani, wanamaliza awamu ngapi kila wanaposhika mpira?

Hesabu yenyewe ni hii. Msimu wa kawaida wa MLB, ligi kuu ya besiboli kule Marekani, una mechi 162, na kila mechi ina awamu 9, ambapo kila timu hupata zamu moja ya kupiga katika kila awamu. Bila kuhesabu za nyongeza, ni awamu 1,458. Kikosi cha watu 26 kinaruhusiwa warushaji 13: kwa kawaida watano wa kuanza, wanaopokezana, na wanane wa akiba wanaosubiri zamu yao bulpeni, sehemu yao ya kupasha mwili moto, ambayo jina lake hutumika pia kwa kundi lao lote. Watano wale wakifikisha wastani wa awamu 6, bulpeni inabaki na 486, kama 61 kwa kila mmoja. Hizo zinabebeka. Wastani ukishuka hadi 5, bulpeni inabebeshwa 648, yaani 81 kwa kila mmoja, na mikono inaanza kulegea Agosti.

Utauliza, si waachwe tu warushe zaidi? Shida ni kwamba wapigaji wako 9, na kila mmoja anajifunza. Akirudi mara ya tatu ameshauona mpira ukitoka mkononi, ameshajua mrushaji hukimbilia mtupo gani akibanwa. Ndiyo maana kocha anatoka kumbadilisha mtu ambaye machoni pa mashabiki bado yuko vizuri kabisa.

Uchovu nao si lazima uonekane kwenye spidi. Mrushaji wa akiba aliyetumika siku mbili mfululizo anaweza bado kufikisha maili 96 kwa saa. Tazama kiwiko: kimeshuka kidogo, vidole vimebaki pembeni mwa mpira, na slaida, mtupo unaopinda, iliyotakiwa kuzama chini ya goti inaelea usawa wa mkanda. Mpigaji mzuri akiupata mpira wa namna hiyo, unaishia jukwaani. Kuna pia kazi isiyoandikwa popote: kupashwa moto bulpeni halafu usiitwe. Takwimu zitasema alipumzika, lakini bega linajua halikupumzika.

Kwa hiyo namthamini sana yule anayeingia awamu ya 3 timu ikiwa nyuma 9 kwa 1, akarusha awamu 4 ili wenzake wapumzike. Mara nyingi kesho yake anashushwa ligi ya chini, na kwa kanuni za sasa hukaa huko siku zisizopungua 15, ili upandishwe mkono mpya. Hakuna anayempigia makofi, ila mechi 3 zinazofuata zimelindwa naye.

Oktoba hesabu inageuka. Siku za mapumziko zinaongezeka, warushaji wa kuanza watatu au wanne wanatosha, na wengine wanaweza kwenda bulpeni. Washington Nationals wa 2019 walikuwa na bulpeni dhaifu kuliko zote National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, na bado walitwaa World Series, yaani fainali ya ubingwa. Waliipunguzia kazi. Katika mechi ya 7 ya fainali hiyo, dhidi ya Houston Astros, Max Scherzer alirusha awamu 5, kisha Patrick Corbin, naye mrushaji wa kuanza, akachukua 3. Bulpeni halisi iliguswa awamu ya mwisho tu, kupitia Daniel Hudson.

Los Angeles Dodgers wa 2024 walikwenda njia ya pili. Majeraha yalikuwa yamewamalizia warushaji wa kuanza, basi mechi ya 4 ya mchujo dhidi ya San Diego Padres wakaigawa kwa watu wanane na kushinda 8 kwa 0. Hilo linawezekana tu kama wote wanane wamefika wakiwa na mikono mizima. Na katika mechi ya 5 ya World Series dhidi ya New York Yankees, awamu ya 9 alipewa Walker Buehler, aliyekuwa ameanza mechi ya 3. Alikuwa amepumzika siku moja tu katikati.